Koo la Mkalimani

Usiku wa Januari, Winnipeg, saa tisa,
naamka ulimi umegandia kaakaa
kama stempu kwenye bahasha.
Nje, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Ndani, rejeta ya chini ya dirisha
inagonga, inatulia, inagonga. Inakunywa.
Imeshakunywa maji ya maua, ikaja kwenye ngozi ya mikono,
sasa imefika kooni.

Sina mtaji mwingine ila koo hili.
Wenzangu hupiga randa, hushona, huendesha malori;
mimi nauza pumzi.
Naingiza Kiswahili cha Bukavu, natoa Kiingereza,
naingiza Kiingereza cha daktari, natoa Kiswahili,
na ushuru wote hulipwa hapa,
kati ya kidevu na kifua.

Bi Olha wa chumba cha saba,
aliyefundisha kwaya miaka arobaini,
alinisikia nikikohoa ukutani kwake.
Akaja na bakuli la bati, bila salamu.
"Lijaze, liweke juu ya chuma. Hewa hii ina kiu kukushinda.
Usipoinywesha, itakunywa wewe."
Kisha akanikanya nisinong'one:
kunong'ona huchubua koo kuliko kupiga kelele.
Hilo sikulijua.
Maisha yangu yote nilidhani siri ni nyepesi.

Basi nina sheria, na nyingine nazivunja.
Maji kabla ya kiu,
maana kiu ni barua iliyochelewa posta.
Kituoni, nikingoja basi, skafu hadi puani,
mdomo nimeufunga kama duka siku ya msiba;
pua iupashe upepo moto kwanza, ndiyo kazi yake.
Jioni maji vuguvugu na chumvi,
nasukutua nikihesabu nyufa za dari.
Asali. Tangawizi. Kahawa kikombe kimoja,
isipokuwa Jumatatu.

Jana, zahanatini, Mzee Byamungu alikuwa akieleza
usingizi ulivyomkimbia tangu wanawe wagawanyike,
huyu yuko Nakivale, huyu Quebec, huyu hajulikani.
"Koo zetu zimetawanyika," akasema.
Nikamgeukia daktari nilivushe neno,
sauti ikanikauka kau.
Nikataka kunong'ona, nikamkumbuka Bi Olha.
Daktari akanitazama. Saa ya ukutani ikanitazama.
Mzee akainamia mfuko wake wa plastiki,
akatoa chupa ya chai, akamimina kwenye kifuniko,
akanisogezea,
mkono wa kushoto ukiunga kiwiko cha wa kulia.

Hapo hapakuhitajika mkalimani.

Chai ilikuwa na mchaichai, sijui kaupata wapi.
Nilimeza polepole, nikiwaza
kwamba koo ni njia ya tonge na njia ya neno,
na ukoo ukizidi mmoja huwa koo,
na kuku aliyekwisha kutaga naye huitwa koo.
Nilitamani kumweleza daktari haya yote,
lakini miadi ni dakika kumi na tano,
na tatu nilikuwa nimezinywa.
Nikasema tu: watu wake wako mbali.
Sauti ilitoka na mikwaruzo. Daktari aliacha kuandika.

Usiku huu nimejaza bakuli hadi ukingoni.
Kioo cha dirisha kimeota manyoya ya barafu,
rejeta inagonga, na nyuma ya ukuta
Bi Olha anakohoa mara moja, kama anayeitika.
Asubuhi maji yatakuwa yamepungua vidole viwili.
Nitayapima kwa kidole changu mwenyewe,
nifurahi kujua kilichonyweka si mimi.