Ukurasa wa Mia Tatu na Nne

Vitabu vya maktaba yetu, pale Valdosta,
vilikuwa vile vilivyochokwa na maktaba yao.
Vilishushwa kwa toroli nyuma ya kanisa,
migongo imevunjika, vina madoa ya kahawa
na majina ya watoto tusiowajua.
Hiki kilikuja bila mwisho:
kurasa kumi na sita zimenyofolewa,
uzi wa jalada unaning'inia
kama jino la mtoto.

Mama alitusomea Alhamisi jioni
saluni kwa Luvenia, kitana cha chuma kikipata moto,
mimi nikishika masikio ya wateja yasiungue.
Fundi wa vinanda, jina lake Hosea,
huingia nyumba za weupe kwa mlango wa uani,
hukaza nyaya, hujaribu sauti, hutoka bila kuketi.
Pete ikapotea.
Kesi, mashahidi, joto, feni isiyozunguka,
hadi mstari wa chini kabisa:
*Hakimu akasimama, akavua miwani, na*

Mama akafunua. Jalada.

"Watamnyonga," alisema Luvenia,
"la kuvunda halina ubani."
Akarudisha kitana motoni. Sote tulimjua kaka yake,
tulijua pia kwamba hatajwi.

Mozelle, mke wa mchungaji, akasema hapana,
pete itaonekana ndani ya kinanda,
imedondoka katikati ya nyaya,
na yule mama mwenye nyumba ataomba radhi
mbele ya watu.
Tulicheka. Tulicheka hadi mteja akasahau
kwamba kichwa chake kimeshikwa.
Mozelle hakucheka. "Nimeweka dau," akasema,
"pai ya viazi vitamu, nzima."

Arzula alikuwa kimya, anahesabu pini.
"Hosea hayumo tena mahakamani," akasema mwishowe.
"Mtu mwenye masikio yale
amekwisha isikia hukumu tangu Jumanne.
Mtafute kwenye treni ya usiku ya Chicago."

Mama, yeye, aliuliza tu:
"Na Delphine je, mkewe?
Si ndiye anayefua joho la hakimu?
Wiki hii atalipwa na nani?"
Hilo hatukuliwekea dau.

Miaka minane. Kibao cha *Kwa Weupe Tu*
kiling'olewa, kikaacha matundu manne ukutani
na mstatili wa rangi safi.
Nilipanda ngazi za mbele, viatu vinalia.
Karani alinionyesha rafu kwa kidevu.
Kilikuwepo. Kizima. Hakina hata kunjo.
Nilisoma nimesimama.

Hakimu anavua miwani, na anaahirisha kesi.
Anarudi nyumbani. Anaketi kwenye kinanda,
anagusa sauti moja, imelegea,
anaigusa tena, analia.
Kurasa kumi na sita analia
katika lugha nzuri sana, siwezi kudanganya.
Hosea hatajwi. Alinyongwa au alitoka,
mwandishi hakuona haja.

Nilimkuta mama anachambua maharage.
Nilimweleza yote, na hasira zangu.
Aliokota jiwe dogo, akaliweka pembeni.
"Basi lile dau la pai halina mshindi," akasema.
Nikamkumbusha Arzula, aliyeondoka mwaka wa sitini
kwa treni ya usiku, hakumuaga mtu,
pini zake zimebaki kwenye kopo.
"Arzula hakuwa anabashiri," mama akasema.
"Alikuwa anatuaga, hatukusikia."

Kisha, baada ya maharage mengi:
"Delphine alifua lile joho.
Ilipofika Jumatatu. Kola ilikuwa na machozi,
akadhani ni jasho."

Nikaenda chumbani, nikakitoa kile cha zamani,
nikachonga penseli kwa kisu cha jikoni,
nikakifungua pale pale, chini kabisa,
palipobaki nafasi ya mistari miwili
kama nikibana mwandiko.