Kugonga Tikiti

Julai, Chiromo, saa nane za usiku.
Nimevaa makoti mawili, glavu nimezikata vidole,
napima joto la mahali nisipopata kufika:
huko bamba la bahari linateremka chini ya bara
polepole, kama ukucha unavyoota.

Hakuna aliyetumbukiza kipimajoto.
Meli ilipita tu, ikibisha kwa hewa iliyobanwa,
hodi, hodi, kila sekunde kumi na mbili,
na chini wakaitikia kwa zamu:
sakafu kwanza, kisha tope, kisha
mstari mmoja mwembamba
unaoiga sakafu, ukipanda nayo, ukishuka nayo,
ukikata tabaka za tope bila kuziomba ruhusa.

Hapo ndipo barafu inapokoma.
Juu yake methani imefungiwa ndani ya barafu,
barafu ambayo ukiitia kiberiti inawaka.
Chini yake joto limeishinda, gesi iko huru.
Mstari ukikaribia sakafu, chini kuna moto;
ukizama mbali, pamepoa.
Nasoma kina, naandika joto.

Nilipomweleza Mbithe wa Marikiti alicheka,
akainua tikiti, akaligonga kwa kifundo cha kidole,
akatega sikio, akaliweka kando.
"Hili bado. Na hilo lako lina ukubwa gani?"
Kilomita mia tatu.
"Ukikosea, nani anarudishiwa pesa?"

Sikumjibu. Mteja alikuwa amefika.

Lakini ni pale penye joto la kadiri
ndipo mabamba hung'ang'aniana, miaka mia, mia mbili,
hadi yaachane ghafla,
na katika mji nisioujua jina
vikombe vianze kugongana kabatini.

Huku kwetu nchi haimezani, inapasuka.
Taa hii ninayosomea imetoka Olkaria,
ni mvuke wa ufa wetu wenyewe,
na bado miguu yangu ni baridi kama vyuma.

Saa kumi nagundua:
kasi ya sauti ndani ya tope niliiweka juu mno.
Mstari wote umekaa chini kuliko ulipo.
Nimeipoza pwani nzima
bila kukusudia, kwa tarakimu moja,
na Profesa Kiplimo anataka ramani asubuhi.

Nafuta safu yote. Napulizia vidole.
Nje askari wa lango anakohoa, anaburuta kiti.
Rekodi ya kwanza, tena.
Hodi.