Kuvunja Usiku

Huku Subukia, hatua chache kutoka ule mstari
usioonekana ila kwenye kibao cha njano kando ya barabara,
jua halina makuu.
Saa kumi na mbili linachomoza, saa kumi na mbili linatua,
Januari, Julai, mwaka wa mvua na mwaka wa njaa.
Ndiyo maana saa zetu twazihesabu tangu alfajiri:
saa moja ni moja kweli.

Lakini krisanthemamu si mwenyeji.
Kwao siku hurefuka na kufupika kama kivuli cha mtu,
nalo ua hungoja usiku urefuke ndipo lichanue.
"Msidhani mmea unapima mwanga," alituambia Karugu siku ya kwanza,
akigonga jani kwa kalamu.
"Hili linahesabu giza."
Hesabu ikitimia, jani lapeleka habari kileleni,
na kilele kikishasikia
hakitoi jani tena.

Basi kazi yangu ni kuvunja usiku.
Saa nne nawasha taa, saa nane nazima.
Usiku mmoja mrefu nauvunja vipande viwili vifupi
kama muwa kwenye goti,
na mimea elfu themanini inadanganyika:
bado, bado, hatujafika.
Inazidi kurefusha mashina,
mashina ambayo wanunuzi huyapima kwa rula.

Miaka mitatu sasa sijalala usiku mzima.
Nalala mchana, leso imetundikwa dirishani.
Chelimo akirudi shule ananikuta nimefungua jicho moja.
"Mama, kwako leo ni jana ama ni kesho?"

Mwezi wa tano radi ikaunguza transfoma.
Jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza;
dizeli ilikuwa imeshatembea,
kwa miguu ya nani, sisemi.
Usiku kumi mfululizo, giza zima,
giza lisilo na mshono.
Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, tochi mfukoni,
nikasikia matone kwenye plastiki, vyura wa bwawani,
kisha sikusikia kitu.
Nililala.
Hilo sijalikiri mpaka leo.

Wiki ya tatu Jepkosgei akaniita safu ya kumi na nne.
Juu ya mashina mafupi kama penseli za mwisho wa muhula,
vitumba. Vidogo, vigumu, mfano wa punje za mtama.
Karugu akashika kichwa, akaandika hasara daftarini.
Jepkosgei akacheka, kiganja mdomoni.

Mimi nilikitazama kitumba kimoja muda mrefu.
Hakuna aliyekiambia ni mwezi gani.
Hakikuona kalenda, wala oda, wala ndege ya mizigo.
Kilipewa usiku ukiwa mzima, mara kumi tu,
kikajua la kufanya.

Stima imerudi. Ni saa nne.
Kidole kipo kwenye swichi
nami nahesabu kwanza,
mpaka thelathini, jana ilikuwa ishirini,
kabla sijabonyeza.