Gunia Lisilo na Lumbesa

Pale mezani cheo changu kilikuwa cha chini kuliko vyote,
kwa hiyo kura yangu ilitangulia.
Ndio utaratibu: mdogo aseme kwanza,
asije akamtazama kanali usoni
akalimeza neno lake.

Ilikuwa Juni, Mbeya. Loleza haukuonekana tangu alfajiri.
Karani alipuliza vidole kabla ya kila ukurasa.

Koplo Gwakisa Mwasongwe alisimama bila mkanda, bila kofia.
Akasema:
"Asubuhi ile nilimkusanya Ambakisye kwa turubai.
Saa nane yule mtu akatoka mgombani, mikono juu.
Mikono niliiona."
Wakili wake akafumba macho.
Mwezi mzima walikuwa wamejiandaa kuzungumzia ukungu.

Kwenye hati ya mashtaka marehemu hana jina.
Mwanamume, mtu mzima, kandambili mguu mmoja.
Benchi la upande wake lilikuwa tupu.
Mkewe, kama yupo, hakujua
kwamba siku hiyo mumewe anatajwa Mbeya
na watu waliovaa makoti ya baridi.

Tulipofungiwa chumbani, meja alitaka maisha:
vijana wajifunze.
Kapteni alitaka onyo:
wewe uliwahi kulala handakini?
Kisha kanali akanigeukia.

Nikakumbuka Isyonje, kando ya barabara,
baba ameshona gunia lake la viazi vizuri,
dalali anakuja na kamba, analifumua,
analijaza kichwa kingine juu ya kichwa.
Gunia na nusu, linaitwa moja.
Baba alinyamaza. Lori lilikuwa hilohilo.

Nikasema: Ana hatia. Mikono aliiona.
Hilo ni gunia lake, alibebe,
sitoi humo hata kiazi kimoja
kwa ajili ya Ambakisye,
wala kwa ajili ya mama aliyesimama getini na blanketi,
wala kwa kuwa ametoka kwetu.
Lakini vita hakuvianzisha yeye.
Na ile sauti ya redioni, "msirudi na mateka",
mwenyewe hajaitwa hapa,
na mabega yake yana nyota.
Hiyo msimshonee juu.

Hakuna aliyekohoa.
Kanali alikunja karatasi yake mara nne,
ikabaki kama kidonge.

Miaka tisa. Kura tatu kwa mbili.
Nilitoka nikiwa sijui kama nimepima
au nimekisia tu kwa mkono, kama watu wa sokoni.

Getini mama aliniuliza kwa Kinyakyusa,
akarudia kwa Kiswahili akidhani sikusikia.
Hakuuliza miaka.
"Yule aliyeuawa anaitwa nani?
Jumapili nitamtaja kwa jina gani?"

Nimeandika barua tatu tangu siku hiyo.
Zote zinarudi na mhuri uleule:
jalada limefungwa.
Ya nne ninaiandika sasa,
na wino unasita kwa baridi.