Mita Moja kwa Mita Moja

Ukungu uliondoka Jumanne
kama mgeni aliyekaa miezi mitatu ukumbini
akakumbuka ghafla kwamba naye ana kwao.
Umeacha milima ya Qara kijani mpaka aibu,
na mimi, mlinzi wa hifadhi hapa juu ya Salala,
nimepewa kamba, vigingi vinne, daftari, na amri:
pima mita moja kwa mita moja,
hesabu kila ua kabla Septemba haijaisha.

Nimehesabu.
Ya manjano, yasiyozidi ukucha: mia na kumi na saba.
Ya yasmini-mwitu, yaliyotambaa juu ya jiwe: tisa,
na moja limeliwa nusu.
Kinyonga kanitazama kwa jicho moja,
jingine limo kwenye nzi,
akakana bila kusema.
Akaja chozi, mweusi wa kumetameta,
akatia mdomo, akanywa, akaenda zake.
(Jina gani hilo, kumpa ndege asiyejua kulia?)
Sikuwa na safu ya kumwandika.

Pimbi wamejaa mwambani wakiota jua,
wanene, kama wajumbe wanaosubiri posho.

Chini ya seng'enge, Tufuli binti Bakhiti
ana ngamia arubaini wanaonusa upepo.
"Ardhi bado inateleza," aliniambia. "Kesho nawapandisha.
Uzio wenu una pengo,
na wangu hawajui kusoma mabango.
Hesabu upesi."

Shangazi Thuwaiba alifika kwa basi kutoka Maskati,
saa kumi na mbili, miguu imevimba,
kwa kuwa kila mtu kamwambia: nenda ukaone maua.
Akapita katikati ya watu wa Kuweiti na mazulia yao,
akainama, kiuno kikalia,
akasema kwa sauti ya kusikika mpaka bondeni:
"Mwanangu, watu wametoka kwao
kuja kutazama kongwe?"

Kongwe. Buluu, petali mbili kama masikio ya panya.
Mimi nimeliandika kwa Kilatini, kwa herufi za mlalo.
Yeye analijua kwa mgongo:
Mtambwe, shamba la muhogo, jembe la mpini mfupi;
uling'oe asubuhi, jioni limekwisha shika mizizi.
"Tulilitupa juu ya mawe likauke.
Likachanua huko huko juu ya mawe.
Sungura wa kaka yangu ndio waliotusaidia."

Na huku anasema, mkono umekwenda wenyewe.
Umeng'oa.
Nyuma yake bango: Usichume. Faini riali kumi.

Mkuyuni ninga wawili walikuwa wakila tini,
kijani kama majani yaliyoamua kuruka.
Kitabu chetu kinasema hutoka Afrika wakati wa ukungu,
huzaa hapa, huondoka.
Nilitaka kumwambia Shangazi.
Lakini alikuwa akikung'uta udongo mizizini,
mapigo mawili, gotini,
kama mtu ambaye mbele yake
bado kuna tuta refu.

Kongwe: thelathini na mbili.
Nikafuta. Thelathini na moja.

Alilitia mkobani, baina ya miwani na vidonge vya presha.
"Litakufa humo, Shangazi."
"Hili?"
Akacheka mpaka pimbi wakaingia mashimoni.

Saa sita yote yalifumba, buluu ikarudi ndani.
Nilikuwa nakunja kamba niliposikia kengele:
Tufuli hakuingoja kesho.