Herufi Moja ya Pumzi

Saa nne za usiku Iloilo, mvua yatwanga bati,
Jovelyn Sumagaysay anavaa visikilizio
na mara ni saa tatu asubuhi, Duluth, theluji,
na Daktari Haugen anakohoa kabla ya kusema.
Hukohoa hivyo kila siku. Miaka sita
hajauona uso wake, lakini anajua
lini hakulala, lini anatafuna kitu,
lini mgonjwa aliyetoka chumbani hatarudi:
sauti hushuka, kisha hutamka "nukta"
kama mtu anayelaza jiwe.

Zamani aliandika yote kwa vidole vyake,
mapafu, kongosho, vidonge vya kabla ya kula,
akilipwa kwa mstari
(kwa mstari! nami niandikaye hii bure
namwonea kijicho kidogo).
Sasa mashine huandika kwanza,
yeye hupitia nyuma yake, kwa nusu ya ujira,
maana kusoma, walisema, si kazi kama kuandika.

Walikuwa arobaini ghorofani.
Wamebaki kumi na mmoja, na baridi ileile ya kiyoyozi.
Sweta la Nonoy lingali mgongoni mwa kiti.

Usiku huu: mzee Lindqvist, miaka themanini na mmoja.
Mashine imeandika safi, tahajia haina doa:
*Hana mzio wa penisilini.*

Jovelyn anasimama hapo.
Anarudisha sauti nyuma. Anaipunguza mwendo.
Kikohozi. Pumzi. Halafu: *ana*.
(Kwa Kiingereza chao kosa lilikuwa na umbo jingine;
mimi nalisimulia kwa kwetu, na kwetu
kati ya kuwa na kutokuwa
pana herufi moja, nayo ni pumzi tu.)
Anarudia mara ya tatu. Saa ya kioo imegeuka nyekundu,
faili hili limekula dakika za mafaili mawili.
Anaifuta h.

Huko Duluth hakuna lililotokea.
Mzee atapewa dawa nyingine,
atalalamikia kahawa ya hospitali,
atarudi nyumbani kugombana na paka.

Kwenye kioo, maandishi ya kijani:
*Sahihisho limepokelewa. Asante kwa kuufundisha mfumo.*
Basi kikohozi cha Haugen
sasa kinajulikana na wawili.

Jovelyn anafikicha macho,
anakohoa,
anafungua faili linalofuata.