Kumi, Toa Nne, Toa Tatu

Tartu, Januari. Mto Emajõgi umeganda, watu wanaukanyaga,
na Maarika bado hajalala.
Kompyuta iko kati ya kikombe na maganda ya chungwa.

Ana maktaba ya vichanganuzi,
vipande vidogo, kila kimoja mjinga kwa namna yake:
hiki hakijui ila tarakimu,
hiki hakijui ila alama ya kujumlisha,
kile hufungua mabano na kukesha hadi yafungwe.
Anaviunga. Anaandika: mbili, jumlisha tatu, zidisha nne.
Na mti unaota kichwa chini,
mzizi juu, majani yakining'inia.
Kujumlisha kuko kileleni, na mkubwa hapa hula mwisho:
huko chini tatu na nne wameshashikana
kabla mbili hajabisha hodi.
Kumi na nne. Anacheka peke yake.

Kumi, toa nne, toa tatu.

Tisa.

Anafuta, anaandika upya. Tisa.
Mabano hayana kosa, nafasi tupu zimerukwa,
na sarufi yake inasomeka kama maji:
tofauti ni namba, kisha alama ya kutoa, kisha tofauti.

Kaljo, babake, ameamka kuchochea moto.
Anainama begani pake, hana miwani.
"Tulikuwa na mizigo kumi ya kuni.
Minne tukampa shangazi yako Helju,
mitatu akachukua Virve wa ghorofani.
Imebaki mitatu, nimeihesabu jana.
Sasa tisa? Nani katurudishia kuni usiku?"

Maarika anautazama tena ule mti.
Umeegemea kulia.
Nne na tatu wamemalizana wenyewe huko chini:
Virve kachukua kuni zake kwa Helju,
na kumi katozwa mzigo mmoja tu.

Sarufi ilikuwa ikijiita yenyewe, mkiani,
ikila kutoka mwisho.
Anaung'oa mstari. Mahali pake anaweka kiungo kingine cha maktaba,
kile kinachofunga mnyororo kuanzia kushoto:
aliyetangulia kuchukua, atangulie kukatwa.
Mti unainuka, unalalia upande wa pili.

Tatu.

"Baba, tatu!"

Mzee hajangoja jibu.
Ametia gogo motoni, kisha jingine,
kamba ya mzigo imelegea miguuni pake,
na ile tatu ya kwenye kioo
imeshakuwa ya jana.